Kabla ya Kurithi Mikoba: Uanagenzi katika Kampuni Kubwa ya Teknolojia

Mada iliyowasilishwa katika mkutano wa wazazi, mafundi na vijana wa kata kuhusu mafunzo ya uanagenzi. Inachapishwa hapa kwa ajili ya wakazi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Ni wakazi wachache ambao hawajawahi kusimama mbele ya mashine ya kutoa kopi. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto anayeandikishwa shule, kitambulisho cha taifa, barua ya mtendaji, hati ya kiwanja: vyote hupitia steshenari kabla ya kufika ofisini. Mashine hiyo iliyozoeleka ina historia yake, na ndani ya historia hiyo mna habari za msichana aliyeingia katika kampuni kubwa ya mashine hizo akiwa mwanafunzi wa kujifunza kazi wakati wa likizo, na baada ya miaka 29 akakabidhiwa kuiongoza kampuni yenyewe. Jina lake ni Ursula Burns, na kampuni ni Xerox ya Marekani.

Habari hizo zinastahili nafasi katika mkutano unaohusu uanagenzi, kwa sababu zinagusa maswali ambayo huulizwa katika kila nyumba yenye kijana anayetafuta ujuzi. Mwanagenzi hujifunza nini hasa? Ni nani anayemfungulia mlango? Na kwa nini avumilie kazi ndogo ilhali ana cheti mkononi?

Mashine na kampuni yake

Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba cha kupanga huko Astoria, New York, Chester Carlson alifaulu kunakili maandishi kwa kutumia umeme na unga mkavu. Kanuni yake yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Uso wa sahani hutiwa chaji ya umeme. Mwanga unaotoka kwenye karatasi ya asili huondoa chaji hiyo mahali palipo peupe, nayo hubaki mahali palipo na maandishi. Unga mweusi hunasa kwenye chaji iliyobaki, kisha huhamishiwa kwenye karatasi mpya na kugandishwa kwa joto. Steshenari za leo bado hufuata kanuni hiyo.

Kueleza kanuni ni jambo moja, na kuifanya itumike ni jambo jingine. Kampuni zaidi ya 20 zilimkatalia Carlson. Iliyokuja kumpokea ilikuwa kampuni ndogo ya karatasi za picha iliyoitwa Haloid, katika mji wa Rochester, kaskazini mwa jimbo la New York. Ilipofika Septemba 1959 ndipo Haloid ilipozindua mashine yake ya kopi iliyopewa jina la 914, miaka karibu 21 tangu jaribio la Astoria. Ilikuwa na uzito wa kilo karibu 300, na kwa kuwa joto lake liliweza kuunguza karatasi, ilifungiwa kifaa cha kuzimia moto. Hata hivyo ofisi ziliigombania, na mwaka 1961 kampuni ikabadili jina na kuitwa Xerox.

Miaka hiyo 21 ina funzo. Kati ya wazo lililoandikwa kwenye karatasi na chombo kinachofanya kazi mna ujuzi mwingi usioandikwa popote: jinsi ya kutambua kosa kwa kusikiliza mlio wa mashine, jinsi ya kuchagua jambo la kurekebisha kwanza, jinsi ya kuzungumza na mteja aliyekasirika. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani darasani peke yake. Huhama kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa kukaa karibu. Ndiyo maana kampuni ya teknolojia, hata ikiwa kubwa kiasi gani, huhitaji wanagenzi kama gereji ya mtaani inavyowahitaji.

Mlango uliosukumwa na wakazi

Kabla ya kumfikia mwanagenzi mwenyewe, yafaa kujua jinsi mlango alioupitia ulivyofunguka.

Mwezi Julai 1964 mji wa Rochester ulikumbwa na ghasia kubwa zilizodumu siku kadhaa. Rochester ulikuwa mji wa viwanda na wa ajira, lakini wakazi weusi, wengi wao wakiwa wametoka majimbo ya kusini kutafuta maisha, walikuta nafasi nyingi zimefungwa kwao. Ghasia zilipotulia, viongozi wa makanisa na wakazi walikataa kuliacha jambo lipite. Mwaka 1965 waliunda umoja ulioitwa FIGHT, ukiongozwa na Mchungaji Franklin Florence na kupewa msaada na Saul Alinsky wa Chicago, mtu aliyefahamika kwa kuwasaidia wakazi kujipanga. Miongoni mwa madai yao makubwa lilikuwa hili: viwanda vya mji huo viwachukue wakazi wasio na kazi, viwafundishe, kisha viwaajiri.

Kiongozi wa Xerox wakati huo, Joseph Wilson, alikubali kukaa nao mezani. Kampuni ikaanzisha mafunzo kwa watu ambao kwa vipimo vya kawaida wasingeajiriwa. Mwaka 1968 Wilson na mwenzake, C. Peter McColough, waliwaandikia mameneja wa kampuni kuwataka waongeze juhudi za kuwaajiri watu weusi. Mwaka huohuo umoja wa FIGHT ulisaidiwa na Xerox kuanzisha kiwanda chake wenyewe, nayo Xerox ikaahidi kununua bidhaa zake.

Wakati hayo yakitendeka, Ursula Burns alikuwa mtoto wa miaka kama 10, akiishi katika mji mwingine, mamia ya kilomita kutoka Rochester. Alipoingia Xerox mwaka 1980, alipita kwenye mlango ambao wakazi wasiomfahamu walikuwa wameusukuma kwa miaka mingi. Mara nyingi kijana hupata nafasi kwa sababu ya watu waliokwisha kusema kwa niaba yake kabla hajajua kusema.

Nyumba ya mama aliyesubiri

Ursula alizaliwa mwaka 1958 na kulelewa katika majengo ya makazi ya umma upande wa mashariki ya chini ya Manhattan, katika jiji la New York. Mama yake, Olga, alikuwa na asili ya Panama, na aliwalea watoto watatu bila msaada wa baba yao. Alilea watoto wa wenzake nyumbani kwake kwa malipo, alipiga pasi nguo za watu, na alisafisha ofisi ya daktari ili watoto wake watibiwe. Burns amesimulia kwamba kipato kikubwa zaidi ambacho mama yake alipata kwa mwaka mmoja hakikuzidi dola 4,400. Hata hivyo aliwalipia karo katika shule za Kanisa Katoliki, na aliwakumbusha watoto wake kila mara kwamba mahali wanapoishi si kipimo cha utu wao.

Katika shule ya wasichana aliyosoma, njia tatu ndizo zilizoelekezwa zaidi kwa mwanafunzi wa kike: utawa, ualimu na uuguzi. Zote ni kazi za heshima, lakini Ursula alipenda hesabu. Alitafuta mwenyewe ni kazi gani humlipa vizuri mtu anayejua hesabu na sayansi, akachagua uhandisi. Alijiunga na chuo cha ufundi cha Polytechnic huko Brooklyn, akisaidiwa na programu ya jimbo la New York iliyowawezesha vijana wa familia zenye kipato kidogo kuingia chuo na kukimudu. Mwaka 1980 alihitimu shahada ya uhandisi mitambo.

Mama yake alifariki kabla ya kumwona akishika madaraka makubwa. Jambo hili lina uzito kwa kila mzazi. Familia ya Burns ilikuwa na kila sababu ya kumwambia binti huyo aache masomo akatafute kibarua chochote cha kuongeza kipato cha nyumba. Haikumwambia hivyo. Ilisubiri. Miaka ya kujifunza ina gharama, na mara nyingi gharama hiyo hubebwa na mtu ambaye hatakuwepo siku ya mavuno.

Kiangazi cha mwaka 1980

Xerox ilikuwa na mpango kwa wahandisi vijana kutoka jamii ambazo hazikuwa na wahandisi wengi. Kampuni ililipa sehemu ya gharama za masomo ya shahada ya pili, na ilimhakikishia mwanafunzi kazi wakati wa kiangazi katika fani aliyoisomea. Ursula Burns alikubaliwa. Alisoma Chuo Kikuu cha Columbia, akaenda Xerox kujifunza kazi, na mwaka 1981 alipomaliza shahada ya pili ya uhandisi mitambo aliajiriwa moja kwa moja.

Mpango huo ulijengwa juu ya mambo mawili yaliyokwenda pamoja. Masomo hayakutenganishwa na kazi, na kazi haikutenganishwa na masomo. Aliyejifunza kanuni ya joto darasani aliikuta ndani ya mashine, na aliyekwama mbele ya mashine alirudi darasani akiwa na swali halisi. Ujerumani na Uswisi zimejenga mafunzo yao ya ufundi juu ya msingi huohuo kwa muda mrefu: siku kadhaa za juma kijana yuko kazini, siku nyingine yuko chuoni. Mwanagenzi asiye na nadharia hubaki akirudia alichokiona. Mwanafunzi asiye na karakana naye hubaki akikariri asichokiona.

Kwa miaka karibu 10 Burns alifanya kazi katika utengenezaji na upangaji wa bidhaa. Alikuwa mhandisi mwenye shahada mbili, na kwa mtazamo wa wengi uanagenzi wake ulikuwa umekwisha. Kumbe ulikuwa haujaanza.

Kukosoa na kukosolewa

Mwaka 1989, katika mkutano mmoja wa wafanyakazi, mtu aliuliza kama juhudi za kampuni za kuajiri watu wa makundi mbalimbali hazikuwa zikishusha viwango vya kazi. Mkuu aliyekuwa mbele, Wayland Hicks, alijibu kwa upole kwamba sivyo. Burns aliudhika. Kwake, swali lenyewe lilikuwa tusi, na kulijibu kwa upole kulikuwa ni kulipa heshima lisilostahili. Alisimama mbele ya watu wote akamkosoa mkubwa wake kwa maneno makali.

Baadaye Hicks alimwita ofisini. Mtu angetarajia barua ya onyo, au barua ya kuachishwa kazi. Hicks alimweleza kwamba hoja yake ilikuwa na haki, lakini namna aliyoitoa haikuwa sahihi. Wakaanza kukutana na kuzungumza mara kwa mara. Mwanzoni mwa mwaka 1990 Hicks alimtaka awe msaidizi wake.

Hapa ndipo penye kiini cha mada hii. Hicks angeweza kumfukuza, na hakuna ambaye angeshangaa. Angeweza pia kumnyamazia, akamwacha aendelee kujiharibia kwa ulimi wake. Alichagua njia ya tatu, ambayo ndiyo njia ya fundi: alilitenga kosa na mtu. Aliiona hoja njema ndani ya maneno mabaya, akaitunza hoja na kuyarekebisha maneno. Mwanagenzi hukua pale anapokosolewa na mtu ambaye bado anamtaka.

Mbeba mkoba

Kazi ya msaidizi haikumvutia Burns. Kwa mhandisi mwenye shahada ya pili, kuitwa msaidizi kulionekana kama kurudishwa nyuma. Msaidizi huandaa safari, hupanga mikutano, huketi pembeni na kuandika. Kwa Kiswahili cha mitaani angeitwa mbeba mkoba, na jina hilo hutajwa kwa dharau.

Lugha hiyohiyo, hata hivyo, ina usemi mwingine. Anayeshika nafasi ya mkubwa wake husemwa amerithi mikoba. Mganga wa jadi hakumkabidhi mkoba mtu aliyetokea njiani. Alimkabidhi yule aliyeubeba kwa miaka, aliyejua kilichomo, kinatumika lini na kinaachwa lini. Dharau na heshima zimewekwa katika neno moja, na kati ya hizo mbili kuna muda wa kujifunza.

Burns alikubali. Alisafiri na Hicks, akakaa katika vikao ambavyo mhandisi wa ngazi yake asingevifikia. Aliona jinsi uamuzi unavyofanywa, jinsi fedha zinavyogawanywa, jinsi mkubwa anavyokosea na anavyojirekebisha. Hakuna chuo kilichokuwa na somo hilo.

Katika vikao vya namna hiyo aliona jambo lililomsumbua. Mkuu wa kampuni, Paul Allaire, alikuwa akitangaza kwamba ajira mpya zimesimamishwa, na kila mwezi kampuni ikaendelea kuajiri watu kwa mamia. Burns alinyoosha mkono akauliza, kwa maana hii: ikiwa mkuu anasema hakuna kuajiri na watu wanaendelea kuajiriwa, ni nani basi mwenye uwezo wa kusema neno hilo likatekelezwa? Swali lilikuwa kali kama lile la mwanzo, lakini safari hii lilitolewa kwa utaratibu, mahali pake, na lilihusu kazi. Mwaka 1991 Allaire alimchukua awe msaidizi wake mwenyewe. Mkoba aliokuwa akiubeba sasa ulikuwa wa kampuni nzima.

Siku za tufani

Ingekuwa udanganyifu kuishia hapo, kana kwamba kampuni kubwa ni bandari isiyofikiwa na mawimbi. Kufikia mwaka 2000 Xerox ilikuwa karibu kufilisika. Madeni yake yalizidi dola bilioni 17. Burns, aliyekuwa amepanda hadi makamu wa rais, alifikiria kuondoka. Alibaki.

Mwaka 2001 uongozi ulikabidhiwa kwa Anne Mulcahy, aliyeanza kazi Xerox mwaka 1976 akiwa muuzaji wa kwenda kwa wateja. Mulcahy hakuwa mtaalamu wa fedha, na alilijua hilo. Alimwomba afisa mmoja wa hazina wa kampuni amfundishe kusoma mizania. Mkuu wa maelfu ya watu alikaa chini kama mwanafunzi mbele ya mtu aliyekuwa chini yake. Kampuni ikapata funzo kwamba uanagenzi hauna umri wala cheo.

Burns alipewa kazi ngumu zaidi: kupunguza gharama za utengenezaji. Sehemu kubwa ya kazi za viwandani ilipelekwa kwa kampuni nyingine, na ilimpasa kuketi na chama cha wafanyakazi huko Rochester kueleza jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisikia. Wafanyakazi wa Xerox walikuwa zaidi ya 90,000 mwaka 2000, na katika miaka iliyofuata walishuka chini ya 60,000. Nyuma ya tarakimu hizo kuna familia, na wengi waliopoteza kazi hawakuwa wavivu wala wasio na ujuzi. Xerox iliokoka, lakini iliokoka ikiwa ndogo.

Mwezi Julai 2009 Ursula Burns alikuwa Mkurugenzi Mtendaji wa Xerox, mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza kampuni iliyomo katika orodha ya kampuni 500 kubwa zaidi za Marekani. Aliongoza hadi mwisho wa mwaka 2016.

Kijana anayesikiliza habari hizi asihesabu kwamba naye atakuwa mkurugenzi. Katika maelfu ya walioingia Xerox kujifunza kazi, mmoja ndiye aliyefika hapo. Jambo la kuhesabu ni jingine: kampuni haikuweza kumwahidi mtu yeyote kazi ya maisha, kubwa kwa ndogo. Kilichobaki kuwa mali ya mtu ni ujuzi uliokwisha kuingia mikononi na kichwani mwake. Huo hauorodheshwi miongoni mwa mali za kufidia madeni.

Wajibu wa kata

Kata nyingi hazina makao makuu ya kampuni kubwa. Zina mafundi simu, mafundi umeme, gereji, karakana za uchomeleaji, steshenari, wafungaji wa umeme jua, na wakandarasi wanaopita kujenga barabara au minara ya simu. Wahenga walisema, mwana wa mhunzi asiposana, huvukuta. Asiyeshika nyundo leo na apulize moto, ilimradi awe ndani ya kiwanda na macho yake yawe kwenye chuma. Yaliyotokea Rochester yanawahusu watu wanne.

Wa kwanza ni fundi. Anayempokea kijana na ajiulize kama anambebesha mkoba au anamtuma chai. Tofauti si ukubwa wa kazi. Anayebeba mkoba yuko mahali kazi inapofanyika na anaelezwa sababu ya kila hatua. Anayetumwa chai mwaka mzima hutoka kama alivyoingia. Kijana akiharibu kifaa cha mteja, kosa lirekebishwe mbele ya kifaa, bila matusi, na bila kumfukuza kwa kosa la kwanza.

Wa pili ni mzazi. Wanagenzi wengi huacha kabla ya kuiva kwa sababu nyumba ilitarajia fedha mwezi wa pili. Kabla ya kumpeleka mtoto kwa fundi, familia ikubaliane itaubebaje muda huo: nauli, chakula cha mchana, viatu vya kazi. Makubaliano na fundi yaandikwe, hata kwenye ukurasa mmoja, mbele ya shahidi: muda wa mafunzo, kazi zitakazofundishwa, posho kama ipo, na nani atagharimia matibabu kijana akiumia. Mzazi azingatie pia umri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari. Uanagenzi usigeuzwe kisingizio cha kumtoa mtoto shuleni.

Wa tatu ni kijana mwenyewe. Ujasiri wa kusema ukweli ni mali, na adabu ya kuusema ni mali nyingine. Burns alikuwa na ya kwanza tangu utotoni, akafundishwa ya pili akiwa mtu mzima. Kijana ambaye tayari amejifunza kwa fundi bila cheti naye hajapoteza muda wake. VETA ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, na anayefaulu hupewa cheti. Wanaohitimu na kutaka kujiajiri wanaweza kuunda kikundi na kuomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo kisheria hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Maelezo ya mkopo huo huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata.

Wa nne ni wakazi wote kwa pamoja. Wakazi wa Rochester hawakusubiri kampuni iwakumbuke. Walikutana, wakaandika wanachotaka, wakakitaja kwa jina: nafasi za mafunzo. Mkutano wa kijiji au wa mtaa una uwezo wa kufanya vivyo hivyo. Mkandarasi anapotambulishwa kwa wananchi, swali la kwanza huwa juu ya vibarua wangapi atawachukua. Liongezwe la pili: ni vijana wangapi watakaa na fundi wake hadi mradi uishe, na watakuwa wamejifunza nini? Kibarua huisha siku mtaro unapofukiwa. Aliyekaa na fundi akajua kwa nini mtaro ulichimbwa hapo na si pale, huondoka na kitu.

Swali hilo halina gharama kwa anayeuliza. Liwekwe kwenye ajenda ya mkutano ujao, liandikwe kwenye muhtasari, na jibu lake lifuatiliwe hadi mradi utakapokabidhiwa.